Swichi ya Juu ya Ngazi

Jumanne, 3 Juni 2003

Himid ameleta katoni mbili kutoka Dubai. Ameziweka juu ya meza ya kulia, amezifungua kwa kisu changu cha mkate, na kisu amekiacha hapo hapo katikati ya vipande vya plastiki. Ndani — swichi za taa! Nyeupe, bapa, kila moja na kitaa chekundu kama jicho la panya. Na rimoti kama ya televisheni, imejaa vitufe.

Anasema hizi ni swichi zenye akili. Unakaa kwenye kochi, unabonyeza, taa ya jikoni inazimika. Uko ndani ya gari nje ya geti, unabonyeza, nyumba inawaka. Maha, mke wake, alipiga makofi.

Nikauliza hizi tulizo nazo zina kosa gani. Himid akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini maji ni maji.

"Shemeji, hizi ni za zamani sana. Mutu ya Dubai akiona atacheka."

Mtu wa Dubai atapanda Kinanira, huku juu ya Bujumbura, kufanya nini? Hata jamaa zetu wa mtaa wa Asiatique siku hizi wanaogopa kupanda huku, kwa sababu ya milio ya risasi za waasi milimani.

Niandike hapa, maana mdomo wangu hauna ruhusa: nyumba hii si yake. Tuliijenga mimi na marehemu mume wangu Haitham, ndugu yake, kabla ya vita. Bangili zangu za harusi zimo ndani ya kuta hizi, ziligeuka saruji. Himid anajua. Alikuwepo siku nilipozivua, akanishikia sabuni ya kuzitelezesha.

Jumatano, 4 Juni

Sijalala vizuri. Nafikiria swichi, kama mwehu.

Ngazi yetu ina taa moja na swichi mbili. Moja chini karibu na mlango, moja juu karibu na chumba chetu. Mafundi wa hapa wanaziita va-et-vient, nenda-rudi. Unawasha chini, unapanda, unazima juu. Ukizitazama huwezi kujua ipi ni kuwasha na ipi ni kuzima. Leo ni hivi, kesho ni vile, inategemea wa upande wa pili alifanya nini. Haitham alikuwa akisema hiyo ndiyo ndoa.

Akirudi jioni hakupiga honi. Wakati wa vita honi ni kujitangaza. Aliingia, akagusa swichi ya chini, taa ikazimika na kuwaka mara mbili. Mimi juu nikajua ni yeye. Akishapanda, mimi ndiye wa kuzima.

Mwezi wa tatu alikuwa anarudi kutoka Uvira na gari la vitenge. Wakampiga risasi barabara ya Gatumba. Ni akina nani — kila mtu ana jibu lake, na majibu yote hayamrudishi. Nikaingia eda siku ile ile. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya mume. Hakuna manukato, hakuna wanja, hakuna kutoka, hakuna kuonana na mwanamume asiye maharimu. Himid naye si maharimu wangu, lakini sheria hiyo haioni. Anaziona zile zinazonihusu mimi.

Walihamia chini, yeye na Maha, ili nisiwe peke yangu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu sasa ndiye anayenipa mimi jembe.

Ijumaa, 6 Juni

Fundi amekuja. Twahiru, wa Nyakabiga. Sikumwona, nimeisikia sauti tu, kwa sababu nimefungiwa chumbani tangu asubuhi. Mwenye eda asionekane na fundi.

Sasa fikiria. Mtu pekee katika nyumba hii anayejua waya upi unakwenda wapi ni mimi. Nilisimama na mafundi wakati inajengwa, Haitham akiwa safarini. Na leo mimi niko nyuma ya mlango, na anayeelekeza ni Himid, ambaye mpaka jana hakujua jiko lina taa mbili. Nikamwita Maha kwenye upenyo wa mlango. Mwambie fundi taa ya ngazi ina swichi mbili, juu na chini, ni taa moja hiyo, asiiguse ya juu. Maha akasema sawa. Nikamsikia anashuka, nikamsikia anaulizwa na Himid nilikuwa nataka nini, nikamsikia anajibu: chai.

Chai!

Nilipotoka baada ya alasiri, swichi ya juu ya ngazi haikuwepo. Mahali pake pamewekwa kibao cheupe kitupu. Nimekipapasa. Hakina kitu.

Himid alikuwa chini, anajaribu rimoti, anafurahi. Nikamuuliza. Akasema swichi zenye akili hazihitaji mbili kwa taa moja. "Ya chini inatosha. Na hii," akainua rimoti, "ndio ya pili."

Nikauliza kama iko nyingine, niwe nayo juu.

"Apana, iko moja tu. Nitakaa nayo mi, isipotee."

Ameitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Jumamosi, 7 Juni

Kupanda: nawasha chini, napanda, halafu taa inabaki inawaka mpaka Himid apende. Kushuka: nashuka gizani nikishika ukuta. Mwenye nguvu mpishe, basi.

Alhamisi, 12 Juni

Nilikuwa namsomea Haitham Yasin baada ya isha. Nikiwa katikati ya aya, taa ikazimika. Nikadhani ni umeme. Lakini nje taa ya geti inawaka, na sauti ya televisheni chini inaendelea.

Nikaenda mlangoni, nikagusa swichi, ikawaka. Nikakaa. Ikazimika tena.

Kutoka chini: "Shemeji, bado uko macho? Mi nilifikiri umelala."

Angeuliza. Zamani mtu akitaka kuzima taa ya mwenzake alilazimika kuinuka, kupanda, kubisha, kuona uso wake. Aibu ilikuwa na ngazi za kupanda. Sasa haina.

Nilimalizia Yasin kwa moyo. Nilikosea mahali, nikarudia.

Jumapili, 15 Juni

Umeme ulikatika jana mchana. Umerudi leo jioni, na nyumba nzima ikawaka yenyewe! Kila chumba, veranda, choo, uani, ghala. Taa ambazo hakuna aliyeziwasha. Nikakimbilia swichi ya chumbani, nikaigusa. Hakuna. Ya sebuleni — hakuna. Zimekuwa viziwi.

Himid akatoka bafuni na taulo, akachukua rimoti, akabonyeza, zikatii. Kuanzia hapo na za ukutani zikasikia.

Akampigia simu Twahiru. Jibu nililisikia, maana Himid ana tabia ya kuiweka simu mbali na sikio: ndivyo zilivyo, patro. Umeme ukirudi zinawaka zote, na ukutani hazisikii mpaka kwanza zisikie rimoti. Ni za Kichina, alisema, kana kwamba hiyo ndiyo sababu.

Himid akacheka. Akasema vizuri, ni kutukaribisha.

Térence hakucheka. Yeye ni zamu wetu, amelinda geti hili tangu Haitham yuko hai. Alikuja kwenye dirisha la jikoni kuchukua chai yake akaniambia kwa sauti ndogo, akitazama chini kwa heshima ya eda yangu:

"Mama, kule inje niliona nyumba inawaka yote kama harusi. Mtaa wote giza, batu banazima taa kwa woga, sisi peke yetu. Batu ba kule juu milimani banaona."

Nikamwambia amwambie Himid. Akasema alishamwambia. Akajibiwa kwamba kazi yake ni geti.

Nikakumbuka ile swichi kubwa ya mita, ya kuzima yote kwa mara moja. Iko gereji. Na gereji Himid ameifunga kwa kufuli lake, kwa sababu ameweka mizigo yake ya duka mle ndani, televisheni na redio. Ngazi ndefu ya kupandia nayo imo humo. Gereji yangu!

Alhamisi, 19 Juni

Nimeanguka. Nilikuwa nashuka na birika la maji ya udhu, taa ya ngazi inawaka vizuri. Nikiwa katikati ikazimika. Mguu ukakosa ngazi.

Goti limevimba, kiwiko kimechubuka, birika limebonyea. Himid akatokea na rimoti mkononi. Anasema alidhani nimeshafika chini. Alisema pole. Maha akaleta barafu, akasema dada, uwe unatembea pole pole.

Sitaki pole yao. Nataka swichi yangu.

Nililia, na nilipokuwa nalia nikajua silii goti. Ningekuwa na Haitham taa isingezimika, kwa sababu Haitham alisubiri. Kila mara alisubiri asikie mlango wa chumba. Kitu kidogo hivyo, nilikiona ni cha kawaida.

Jumatatu, 23 Juni

Maha amenieleza kwamba kuna mashine ya Himid iko njiani kutoka Dubai. Kufuli la geti. La rimoti pia. Likifika, hata Térence hataweza kufungua. Nikamuuliza Maha, na mimi je? Akasema, lakini dada, we hautoki.

Jumanne, 1 Julai

Sikukuu ya uhuru. Niandike taratibu, maana nina hasira.

Baada ya adhuhuri Maha alikuja kuniambia kuna mgeni mwanamume anakuja, nikae chumbani, nifunge. Nikafunga. Mimi na sheria yangu.

Nikasikia Kifaransa kizuri, kile cha mtu wa shirika lenye magari meupe. Himid anamtembeza. Sebule. Jiko. Veranda yenye kuona ziwa. Halafu wakapanda ngazi, jozi mbili za viatu, na Himid anaeleza kuhusu swichi. Umeme wa kisasa, nyumba nzima kwa kidole kimoja, bwana. Hakuna mwingine mwenye hii Bujumbura.

Halafu taa ya chumba changu ikawaka.

Ikazimika. Ikawaka. Ikazimika. Nimekaa kitandani na nguo zangu nyeupe za eda, na kwenye korido mwanamume anamwonyesha mwanamume mwenzake, kwa kutazama mwanga chini ya mlango, jinsi chumba changu kinavyotii. Mgeni akasifu. Akauliza ndani kuna nani.

"Ni mujane wa ndugu yangu," Himid akasema, kisha akarudi kwenye Kifaransa: mwezi wa nane atakuwa ameshaondoka.

Kumbe swichi hazikuwa za kutupumzisha. Hazikuwa hata za kujifurahisha. Ni poda na wanja — nyumba inapambwa kwa mchumba, yaani mnunuzi, na mimi ndiye niliyekatazwa wanja.

Jumatano, 2 Julai

Nimekaa nikafikiri bila kulia.

Sina mtoto. Kwa mirathi robo ni yangu, inayobaki ni ya ndugu wa marehemu. Hilo sibishani nalo, ni maneno ya Mwenyezi Mungu. Lakini bangili si mirathi. Bangili ni mali yangu, Haitham alisema mbele ya kaka yake kwamba ni deni la nyumba kwangu. Nataka kitu kimoja tu: nimalize eda nikiwa humu, kisha nimwite shehe na wazee wakae sebuleni kwangu, nami niseme habari ya bangili nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Mtu akiwa ndani anasikilizwa. Akishatoka, ni mwombaji.

Nimeyaona kwa Bi Waridi wa Nyakabiga. Mwaka wa tisini na tano vijana wenye silaha walipofunga mtaa, shemeji zake walimtoa kwenye eda, wakamwambia ni kwa siku chache, kwa usalama wake. Aliporudi alikuta kufuli jipya. Mpaka leo anakaa chumba cha kupanga, anakaanga sambusa. Vyombo vyake anaviona kwenye dirisha la watu.

Mimi sitoki.

Jumatatu, 7 Julai

Vita vimeingia mjini. Vimeanza alfajiri, upande wa Musaga, na kabla hatujamaliza kuswali tukasikia makombora. Vioo vya jikoni vinalia. Kutoka dirishani naona watu wanashuka barabara, magodoro kichwani, kuku mikononi, wengine hawana kitu, wanatembea tu. Umeme umekatika saa mbili.

Himid alipakia gari. Maha ameshaingia, analia. Himid akapanda ngazi mbili mbili, akabisha.

"Shemeji, tunaenda mujini kati. Vaa, twende."

Nikasema niko kwenye eda.

"Mutu ya eda anaruhusiwa kutoka kama kuko hatari. Hata shehe atakuambia."

Najua. Nimesoma kama yeye, pengine kumzidi. Hofu ya roho inamruhusu mjane kuhama. Sikubisha hilo. Nikasema: nitatoka, lakini kwanza tusimame pale getini, mbele ya Térence, useme kwa jina la Mungu kwamba mapigano yakiisha narudi humu, na mwezi wa nane nitakaa na wazee humu.

Kombora likaanguka mahali. Karibu kuliko mengine.

Himid akafuta jasho. Akasema, "Tutaangalia, shemeji."

Tutaangalia. Neno moja tu lilihitajika, na kwa hofu aliyokuwa nayo angeweza kusema lolote. Angeniahidi hata Muscat yote. Lakini hilo hakulisema. Hapo ndipo nilipojua kwamba mauzo yameshafika mbali.

Nikasema basi nenda, Mungu akufikishe. Uniachie rimoti.

"Umeme hakuna. Utafanya nini na rimoti?"

Na ufunguo wa gereji? Alikuwa ameshashuka.

Aliondoka na rimoti kwenye mfuko wa shati. Naiona ile pembe nyeusi inachungulia.

Jumanne, 8 Julai

Térence ameaga. Mke na watoto wake wako Musaga, hajui kama wametoka.

"Mama, nisamehe. Mi naenda kuona batoto. Nikibapata nitarudi."

Nikampa mkate uliobaki na blanketi la Haitham. Nikafunga komeo la geti mwenyewe, lile la chuma, zito. Sijaligusa tangu mwezi wa tatu. Kutoka mlangoni hadi getini ni hatua chache lakini niliona kama nimesafiri.

Nimetandika godoro koridoni, mbali na madirisha. Nina mchele, nina tende, nina maji ya kwenye pipa. Nina mshumaa lakini siuwashi. Giza lina faida, nimekuwa mtu asiyekuwepo.

Naogopa. Sina wa kumficha hilo. Kila kishindo natamka shahada, halafu nangoja, halafu nipo.

Jumatano, 9 Julai

Simu ilikuwa na chaji kidogo, nikampigia Maha. Wako salama kwa shangazi yake. Akauliza kama ninakula. Nyuma yake Himid akauliza, si kuniuliza mimi, kumuuliza yeye: gereji haijavunjwa? Maha akanitamkia swali. Nikasema haijavunjwa. Nikamsikia Himid anashukuru Mungu.

Alisema barabara ikifunguka hata kidogo atakuja na gari kuchukua mizigo.

Mizigo. Mimi sikutajwa. Simu ikazimika, na sikuihuzunikia.

Alhamisi, 10 Julai

Naandika nikiwa nimekaa ngazi ya chini kabisa, mlango uko wazi mbele yangu, geti lile pale. Naandika kwa sababu nikiacha nitapiga kelele.

Umeme ulirudi wakati wa magharibi. Nilikuwa sidaiwi kitu ila swala, mkeka umetandikwa, mara — nyumba nzima! Veranda, uani, vyumba vyote, choo, ghala. Mtaa wote giza totoro, hakuna hata nyumba moja yenye watu, na sisi tunawaka kama Térence alivyosema. Sisi! Mimi.

Nilikimbilia ukutani. Nilijua haitasikia, na nikaigusa hata hivyo. Nikaipiga ngumi. Viziwi.

Dakika hiyo hiyo milio ikaanza kule juu. Sijui kama ilikuwa yangu. Kitu kilipita juu ya paa kikivuma, kikaangukia chini kwa majirani.

Siku zote hizi za giza sikuwaza kwamba umeme utarudi. Ningezitoa balbu mchana kwa utulivu. Lakini nani anaanua nguo wakati wa kiangazi?

Basi nikapanda juu ya kiti. Kitenge mkononi, balbu ya kwanza, moto unapita nguo unaingia vidoleni. Ya pili. Nikaburuta kiti kila chumba, goti langu bovu linalia, juu ya kitanda, juu ya meza ya kulia, juu ya ndoo chooni. Za veranda, uani na geti nilizitoa nikiwa nimeinama kama mwizi. Ndiyo, mwizi wa taa zangu. Balbu nimezitia kwenye sufuria, zinagongana.

Imebaki moja. Ya ngazi.

Iko juu sana. Inaning'inia katikati kwa mnyororo, ndani ya fanusi ya shaba Haitham aliyoibeba mapajani kutoka Muscat, hakukubali hata kuiweka kwenye mizigo. Ngazi ndefu ya kupandia imefungiwa gereji. Nilichukua ufagio. Pigo moja la mpini lingetosha. Nikauinua, vioo vile vya rangi vikanitupia mwanga usoni, kijani na kahawia, na mkono ukakataa. Nikauinua tena. Ukakataa.

Nimetoa balbu zote ndani ya nyumba na nimeshindwa na hii. Nikakaa chini yake. Nikachukua daftari.

Gari. Limekuja bila taa, limesimama nje ya geti. Injini imezimwa.

Taa ya ngazi imezimika. Imewaka. Imezimika, imewaka.

Mara mbili.

Nitamwambia nani? Moyo wangu ulisema Haitham. Nilisimama! Nilisimama na goti hili, na mkono ukaenda wenyewe ukutani, kana kwamba niko juu, kutafuta swichi.

Halafu sauti, ya chini, ya mtu aliyejibanza.

"Shemeji. Fungua. Ni mi, Himid."

Anabonyeza kila kitufe, nafikiri, anataka kuzima nyumba aliyoiona inawaka kutoka barabarani, na nyumba haipo, imebaki taa moja ya kumjibu.

"Shemeji, fungua haraka, wanapiga kule barabarani. Siwezi kurudi."

Nikasogea getini na daftari langu, nikamuuliza umekuja kuchukua nani.

Milio miwili, mitatu. Halafu akasema kwamba amekuja kuniona. Himid hajui kusema uongo, hilo nimpe.

Geti halina rimoti. Mashine yake bado iko Dubai. Komeo liko ndani, upande wangu, nililifunga kwa mkono huu. Mimi si mtu wa kumwacha mtu nje kwenye risasi, na yeye analijua hilo, ndiyo maana amekuja bila hofu na mimi. Nitafungua. Lakini nimemwambia kwa sauti, sauti ya mwenye eda ambayo haitakiwi kusikika: rusha rimoti juu ya geti. Na ufunguo wa gereji. Viangukie uani, nivisikie, kisha nifungue.

"We shemeji, sasa ndio wakati ya maneno hayo?"

Nikasema ndio wakati.

Taa imezimika. Ameizima yeye, na hajaiwasha tena. Naandika kwa kupapasa, mistari inapandana, sijui kama nitaweza kuisoma. Anapumua pale nje, namsikia. Nimeshika komeo kwa mkono wa kushoto, ni la baridi.

Bado sijasikia kitu kikianguka uani.